Namna ya kupangia chipukizi mazoezi katika mchezo wa umeneja wa vikapu

WAPENZI wa mpira wa vikapu wanaoketi mbele ya kompyuta kuendesha klabu za kubuni hukabiliwa na swali moja kuliko yote: kijana wa miaka 18 aliyetua klabuni afunzwe nini kwanza, na kwa gharama ya nani? Katika BuzzerBeater, mchezo wa intaneti ulioanzishwa mwaka wa 2007, jibu la swali hilo halionekani kesho wala mtondo. Huonekana baada ya mwaka mzima wa kalenda, wakati ambapo pengo lililoachwa mwanzoni haliwezi tena kuzibwa.

Michezo ya aina hii haimtaki mtumiaji arushe mpira kwa vidole vyake. Humweka katika kiti cha meneja, akanunua na kuuza wachezaji, akapanga kikosi, akaweka bei ya tikiti za uwanjani, kisha akaiacha kompyuta icheze mechi kwa hesabu zake. Chimbuko lake ni katika kandanda. Mwingereza Kevin Toms alitoa Football Manager mwaka wa 1982, na miaka kumi baadaye ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, wakatoa Championship Manager. Mwaka wa 1997 mchezo wa Hattrick ulizinduliwa nchini Uswidi ukiwa na utaratibu ambao ndio uliorithiwa na BuzzerBeater: wapinzani ni watu halisi walioko kila pembe ya dunia, na saa ya mchezo hutembea sambamba na saa ya ukutani. Hakuna kitufe cha kuharakisha siku.

Kurasa zake ni maneno na tarakimu zaidi ya picha, hivi kwamba hufunguka hata kwenye laini dhaifu. Afrika Mashariki ilipokuwa ingali inategemea mawasiliano ya setilaiti, kabla ya nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka wa 2009, sifa hiyo haikuwa ndogo.

Ijumaa 56

Msimu mmoja wa BuzzerBeater huchukua wiki 14, na msimu unapokwisha kila mchezaji huongezeka umri kwa mwaka mmoja. Ligi huwa na timu 16 zilizogawanywa katika makundi mawili ya timu nane nane. Kila timu hucheza mechi 22 za ligi, mbili kwa wiki. Katikati yake huwa na mechi ya tatu, ama ya kombe au ya kirafiki. Matokeo ya mazoezi hutolewa mara moja kwa wiki, siku ya Ijumaa.

Kutokana na hayo hesabu ni nyepesi. Kijana aliyepatikana mwanzoni mwa msimu akiwa na miaka 18 atakuwa na vipindi 14 vya mazoezi kabla ya kufika 19, na vipindi 56 kabla ya kufika 22. Hizo ni Ijumaa 56, yaani mwaka mmoja na kama mwezi wa maisha halisi ya meneja. Kasi ya kujifunza hupungua kila mwaka wa umri unapoongezeka, kwa hiyo Ijumaa ya kwanza ina thamani kuliko ya hamsini. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi, na watunzi wa mchezo huu waliigeuza methali hiyo kuwa hesabu.

Dhidi ya Ijumaa hizo kuna stadi kumi za msingi. Sita ni za nje: mrusho wa kuruka, umbali wa mrusho, ulinzi wa nje, kumiliki mpira, kupenya na kutoa pasi. Nne ni za ndani: kufunga karibu na kikapu, ulinzi wa ndani, ribaundi na kuzima mirusho ya wapinzani. Kando yake kuna pumzi, mitupo ya adhabu na uzoefu. Kila stadi hupimwa kwa ngazi zenye majina, kuanzia ile ya mchezaji asiyejua lolote hadi ile ya gwiji katika ngazi ya 20. Wiki moja hufunzwa stadi moja. Meneja anayeamua kuzigawa Ijumaa zake kwa usawa ataipa kila stadi wiki tano na ushei, na mwishowe atapata mchezaji anayejua kila kitu kidogo kidogo asiyeweza kumshinda yeyote. Kupanga, basi, ni kuamua ni stadi zipi zitanyimwa.

Dakika ndiyo sarafu

Jambo linalowatatiza wengi wanaoanza ni kwamba katika mchezo huu mazoezi hayafanyiki kiwanjani siku za wiki. Hupimwa kwa dakika alizocheza kijana katika mechi, tena katika nafasi ile ile inayofunzwa wiki hiyo. Meneja akichagua kufunza pasi kwa walio nafasi ya nambari moja, yule anayeongoza mashambulizi, ni waliocheza nambari moja pekee watakaofaidi. Kijana mrefu aliyezaliwa kuwa nambari tano, chini ya kikapu, hatapata chochote mpaka apelekwe akacheze nambari moja, avumilie kunyang'anywa mpira na vijana wafupi wenye mbio.

Kiasi kinachotakiwa ili kijana apate zoezi kamili ni dakika 48 kwa wiki. Mechi moja ina dakika 48, kama ilivyo katika ligi ya NBA ya Marekani. Wiki yenye mechi tatu ina dakika 144 katika kila nafasi, na 144 ukizigawa kwa 48 unapata watatu. Hii ndiyo hesabu mama ya mpango mzima. Anayefunza nafasi moja hulea vijana watatu. Anayefunza nafasi mbili kwa pamoja hulea sita, lakini kila mmoja wao hupiga hatua pole pole zaidi. Anayefunza kikosi kizima hupata maendeleo hafifu mno. Dakika za ziada juu ya 48 hazimwongezei kijana ujuzi wowote, humchosha tu.

Uchovu huo nao una hesabu yake. Mchezaji anayecheza kupita kiasi hushuka hali ya mwili, na asiyecheza kabisa hushuka vile vile. Mameneja wengi wazoefu hulenga jumla ya kati ya dakika 50 na 75 kwa kila anayetegemewa. Kwa wakufunzi wa chipukizi hiyo ni bahati njema, maana kijana aliyepata 48 zake na chache za ziada mahali pengine huwa katika hali nzuri bila kuhangaikiwa.

Huenda kocha wa mpira wa vikapu halisi akayacheka haya. Katika viwanja halisi kijana hujifunza kurusha kwa kurusha mara mia asubuhi, pasipo mtazamaji hata mmoja. Hata hivyo, mchezo huu umeshika ukweli mmoja ambao makocha wa kweli huujua vyema: kumpa chipukizi dakika ni kumnyang'anya mtu mwingine dakika hizo, na timu ndiyo hulipa tofauti.

Kumchagua kijana

Chipukizi huingia klabuni kwa njia mbili: uteuzi wa zamu unaofanywa msimu unapomalizika, au soko la wachezaji ambako kila mmoja hupigwa mnada. Kwa njia yoyote ile, mambo manne hutazamwa, ingawa hayana uzito sawa.

Umri ni rahisi kuuelewa. Mwenye miaka 19 amekwisha kupoteza Ijumaa 14, na ni zile zilizokuwa nono kuliko zote. Ili amfae mnunuzi kama mwenzake wa miaka 18, yampasa awe ametangulia kwa stadi kwa kiasi cha kufidia msimu huo.

La pili ni upeo wa kipaji. Mchezo umeugawa katika ngazi 12, na majina yake yana mzaha: aliye chini kabisa huitwa mtangazaji, kwa maana kwamba afadhali akatafute kazi ya kutangaza mechi redioni, anayemfuata ni mpasha joto benchi, na kileleni yuko nguli wa nyakati zote. Mchezaji anapoukaribia upeo wake, mazoezi hupungua nguvu hadi yakawa karibu na bure. Wageni hudhani basi kwamba upeo mkubwa ndio kila kitu, wakamwaga fedha zote kwa kijana mmoja wa ngazi ya juu. Hilo ni kosa ghali. Mchezaji aliyefikishwa kwenye upeo wa juu hudai mshahara ambao klabu nyingi haziwezi kuulipa, na meneja wa ligi ya chini aliyemlea kwa mwaka mzima hulazimika kumuuza kwa klabu tajiri kabla hajamchezesha akiwa amekomaa. Kwa klabu ya kawaida, kijana mwenye upeo wa kati anayeweza kukaa kikosini misimu minane ana faida kubwa kuliko nyota wa kupita.

La tatu ni kimo, na hapa ndipo mpango huanza kuonekana. Warefu hujifunza stadi za ndani kwa haraka na za nje kwa shida. Wafupi ni kinyume chake. Walio katikati hujifunza pande zote mbili bila haraka wala shida ya kupindukia.

La nne ni stadi alizokuja nazo, na aghalabu husomwa vibaya. Chukua mfano wa vijana wawili wa kimo cha sentimita 208, wote wana miaka 18. Wa kwanza ana ngazi ya saba katika kufunga karibu na kikapu, ribaundi na ulinzi wa ndani, lakini pasi, kumiliki mpira na ulinzi wa nje viko ngazi ya pili. Wa pili ana ngazi ya tano katika karibu kila kitu. Macho ya haraka yatamfuata wa kwanza, kwa kuwa ndiye anayefaa mechi ya kesho. Mwenye mpango atamchukua wa pili. Stadi za ndani ambazo wa kwanza anajivunia ndizo kimo chake kingempa kwa wiki chache. Stadi za nje alizo nazo wa pili ndizo ambazo mtu wa kimo hicho huzipata kwa tabu. Amekuja tayari amelipiwa deni lililo kubwa zaidi.

Kuna na mshahara wa kijana, ambao hudokeza wingi wa ujuzi wake kwa sababu hukokotolewa kutokana na stadi. Dokezo hilo lisichukuliwe kama ushahidi kamili. Kanuni ya mshahara huupima ustadi wa nafasi fulani, hivyo mchezaji aliyejaa upande mmoja hulipwa sana ilhali mwenye ujuzi uliosambaa hulipwa kidogo. Kutokana na hilo, kijana wa pili katika mfano wetu huenda akaonekana sokoni kama asiye na thamani.

Kipi kitangulie?

Mpangilio wa stadi ndio unaozusha ubishi mkubwa miongoni mwa mameneja, na pande zote mbili zina hoja.

Upande mmoja husema: anza na stadi kuu za nafasi yake. Kijana wa ndani afunzwe ndani ili aanze kushinda mechi mara moja, bei yake sokoni ipande, na klabu isiteseke. Upande wa pili husema: anza na stadi ngumu, zile ambazo kimo chake hakizipendi, kwa kuwa umri wa miaka 18 na 19 ndio pekee utakaoziinua kwa kasi ya kuridhisha. Stadi nyepesi zinaweza kungoja hadi miaka 21, kwa kuwa hata kasi ikipungua bado zitapanda.

Kwa anayekusudia kumweka kijana muda mrefu, hoja ya pili ina nguvu zaidi, na sababu si ya umri pekee. Mchezaji mchanga bado ni dhaifu kwa kila hali; kumchezesha mahali pasipo pake akiwa na miaka 18 hakumpotezei timu mengi, maana hata mahali pake asingefua dafu. Kumhamisha akiwa na miaka 22, tayari nguzo ya timu chini ya kikapu, ni kubomoa nyumba ili kutafuta msumari. Isitoshe, mshahara wake hukua pole pole ikiwa stadi kuu zimecheleweshwa, na klabu hujiwekea akiba misimu miwili ya kwanza.

Hata hivyo kuna jambo linalowazuia wanaotaka kuupeleka msimamo huo hadi mwisho wake. Stadi zilizo jirani huvutana. Iliyobaki nyuma hupanda upesi pale jirani zake zilipo juu, na iliyowaacha wenzake mbali huanza kusuasua. Mrusho wa kuruka ulio imara huusaidia umbali wa mrusho kupanda. Kung'ang'ania umbali peke yake, mrusho ukiwa dhaifu, ni kupoteza Ijumaa. Yapo pia mazoezi yanayogusa stadi zaidi ya moja, kama lile la mmoja dhidi ya mmoja, linalonoa kumiliki mpira na kupenya kwa pamoja. Mpango mzuri hivyo haumalizi stadi moja mpaka kilele kisha ukageukia ya pili. Hupanda ngazi mbili tatu hapa, ukahamia pale, ukarudi.

Kwa wachezaji wafupi wa nambari moja na mbili, wakufunzi wengi huanza na ulinzi wa nje. Sababu ni ya kivitendo: kijana huyo atacheza dakika 48 kila wiki dhidi ya watu wazima, na anayejua kukaba huidhuru timu yake kidogo kuliko asiyejua, hata kama hajafunga kikapu hata kimoja. Pasi na kumiliki mpira hufuata, kwa kuwa hupunguza mipira inayopotezwa ovyo. Mirusho, ambayo humpa sifa, hungoja.

Kitendawili cha nambari tatu

Anayetaka kuijua akili ya mkufunzi amtazame anavyomlea nambari tatu. Mchezaji wa nafasi hii hutakiwa kukaba nje na ndani, kurusha kutoka mbali, kupenya na kunyaka ribaundi. Tatizo ni kwamba hakuna zoezi la kasi kamili lililotengewa nambari tatu peke yake. Mazoezi ya nafasi moja yameelekezwa nambari moja au nambari tano. Mlezi wa nambari tatu, kwa hiyo, humpeleka kijana wake kama mkimbizi: wiki kumi akiwa nambari moja kujifunza ulinzi wa nje na pasi, kisha wiki nyingine akiwa nambari tano kujifunza ulinzi wa ndani na ribaundi, halafu arudi tena nje. Kwa misimu mitatu huenda asicheze katika nafasi yake isipokuwa kwa dakika za kujazia.

Faida yake huja baadaye. Kwa kuwa ujuzi wake umesambaa, mshahara wake huwa wa wastani ukilinganishwa na kazi anayofanya, na wachezaji wa aina hiyo ni adimu sokoni. Uadimu huo unatokana na subira inayohitajika. Mameneja wengi huchoka kabla ya Ijumaa ya thelathini.

Mpira halisi una mfano wake. Giannis Antetokounmpo aliteuliwa na Milwaukee Bucks mwaka wa 2013 akiwa na miaka 18, akiwa wa 15 katika uteuzi wa mwaka huo, na katika msimu wake wa kwanza alifunga wastani wa pointi 6.8 kwa mechi. Licha ya kimo chake, kocha Jason Kidd alimkabidhi kazi ya kuongoza mashambulizi kuelekea mwisho wa msimu wa 2015-16, kazi ambayo kwa desturi ni ya wafupi. Alitawazwa mchezaji bora wa NBA mwaka wa 2019 na 2020, na mwaka wa 2021 akaipa Milwaukee ubingwa. Wafuasi wa nadharia ya kuanza na stadi ngumu hupenda kumtaja, japo ni haki kuongeza kwamba klabu nyingine kadhaa zimewahi kumngoja kijana mrefu namna hiyo zikaambulia patupu.

Kuisimamia wiki

Mpango ulioandikwa vizuri huharibika kwa mambo madogo. Kijana aliyepangwa dakika 48 katika mechi ya ligi anaweza kufanya makosa sita akatolewa akiwa na dakika 31. Anaweza kuumia. Timu inaweza kuongoza kwa pointi nyingi hivi kwamba wa akiba wakaingizwa kumalizia, na kijana akapoteza dakika saba za mwisho. Anayefika Ijumaa na dakika pungufu hupata zoezi pungufu.

Dawa ya kwanza iko katika karatasi ya kikosi. Kila nafasi huwa na anayeanza, wa akiba na wa akiba ya mwisho. Meneja akiliandika jina moja katika sehemu zote tatu, kompyuta haina wa kumbadilisha naye, na kijana atabaki uwanjani isipokuwa atolewe kwa makosa au aumie. Dawa ya pili ni kutozimaliza mechi zote za wiki kwa mpango mmoja. Baada ya mbili za kwanza, meneja makini hukagua dakika za kila kijana na kuitumia ya mwisho kabla ya Ijumaa kuziba mapengo: huyu anahitaji 17, yule 9, wa tatu ametosheka apumzike.

Mechi za kirafiki, ambazo wageni huzipuuza, ndizo mhimili wa kazi hii, kwa kuwa matokeo yake hayana maana yoyote. Timu iliyobaki katika kombe hucheza mechi ya maana katikati ya wiki, na kumpa kijana nafasi pale ni kuhatarisha fedha za raundi inayofuata. Ndiyo maana haishangazi kusikia kwamba wapo mameneja wanaopumua wanapobanduliwa mapema. Kombe likiondoka, kijana wa tatu hupata mahali pa uhakika pa kuchezea hadi mwisho wa msimu.

Mkufunzi anayeajiriwa na klabu naye huathiri kasi. Aliye bora huongeza mwendo wa kila Ijumaa, lakini mshahara wake hupanda kadiri anavyokaa, na hufika mahali ambapo afadhali kumwachisha na kuajiri mwingine. Klabu inayolea kijana mmoja tu haina haja na mkufunzi ghali. Anayelea watatu au sita anaweza kuigawa gharama hiyo.

Bei ya kushindwa

Yote haya yana malipo, na malipo ni mechi zinazopotezwa. Timu inayomchezesha mtu wa kimo cha sentimita 208 kama nambari moja itafungwa na wapinzani wa kiwango chake. Ikifungwa mara nyingi mashabiki hupungua uwanjani, mapato hushuka, na mwisho wa msimu timu huweza kuteremshwa daraja. Baadhi ya mameneja hukubali kuteremka kwa makusudi, wakaishi misimu mitatu katika ligi nyepesi na vijana wao, kisha wakapanda wakiwa na kikosi kilichokomaa. Wengine huona hiyo ni fedheha, na tena ni dharau kwa wapinzani waliokuja kushindana.

Njia ya wastani ni kuwanunua wakongwe wa miaka 30 na zaidi kwa nafasi zisizofunzwa. Bei yao sokoni huwa ya chini kwa sababu umri umewapita, ilhali uwezo wao wa kucheza bado upo. Wanne wa namna hiyo wakimzunguka kijana mmoja asiye mahali pake, timu huweza kubaki katikati ya jedwali. Katika mechi mbili tatu ambazo hatima ya msimu huning'inia, hakuna aibu kumwondoa kijana na kuweka kikosi bora, akapewa dakika zake kwenye mechi ya kirafiki. Ijumaa moja iliyopungua kati ya 56 haiangushi mpango. Zinazouangusha ni zile kumi zilizopotea bila kuonekana.

Dai la taifa

Kuna mhusika mwingine anayemtazama kijana huyo. Kila nchi yenye ligi katika mchezo huu ina timu ya taifa na timu ya vijana wasiozidi miaka 21, na mameneja wa timu hizo huchaguliwa kwa kura na watumiaji wa nchi husika. Meneja wa vijana huwafuatilia wenye upeo wa juu tangu siku ya uteuzi, akawaandikia wenye klabu kuwashauri nini kifunzwe. Katika nchi yenye watumiaji maelfu, kijana mmoja akiharibiwa wapo wengine. Katika nchi ndogo, nambari tano mwenye kipaji anaweza kuwa mmoja tu kwa misimu kadhaa, na akiangukia mikononi mwa asiyefunza, taifa hukosa mtu wa nafasi hiyo.

Maslahi hayo mawili hayapatani daima. Timu ya vijana humtaka mchezaji awe amekamilika akiwa na 21, kwa hiyo hushawishi stadi kuu zitangulie. Mwenye klabu aliyeamua kuanza na stadi ngumu anajua kijana wake atang'ara akiwa na 24, wakati ambapo timu ya vijana haitamhitaji tena. Mwenye klabu ndiye mwenye neno la mwisho, kwa kuwa yeye ndiye anayelipa mshahara na ndiye anayefungwa kila Jumamosi.

Uamuzi wa kuuza au kubaki naye hufika hapo hapo. Anayemuuza mchezaji mapema baada ya kumpata hukatwa sehemu kubwa zaidi ya bei kuliko aliyemweka muda mrefu, na mishahara mipya hukokotolewa msimu unapogeuka, hivyo wapo wanaowahi soko kabla ya tarehe hiyo. Kijana wa miaka 21 mwenye msingi mpana wa stadi za nje na nafasi ya kupanda ndani huvutia wanunuzi wanaotaka kummalizia wenyewe. Akifika 23, mnunuzi hulipia alichokwisha kuwa, si anachoweza kuwa.

Anayeamua kubaki naye hukutana na shida ya mwisho, ambayo wengi hawakuiweka katika mpango. Msimu mpya huleta uteuzi mpya, na huenda ndani yake yumo mwingine wa miaka 18, mrefu, mwenye ngazi ya tano katika karibu kila kitu. Naye atahitaji dakika 48 kila wiki katika nafasi ya nambari moja. Wa kwanza, aliyegharimu mwaka mzima na pengine daraja moja la ligi, itabidi awe tayari ameondoka hapo na kuhamia chini ya kikapu, na mmoja wa wakongwe wanne atafutiwe mnunuzi kabla ya mechi ya kwanza.